Primula: ua la sura mbili

Je, wajua kwamba bustani inaweza kujaa maua ya primula, nyuki wakashinda humo mchana kutwa, na bado usipatikane mche hata mmoja wa mbegu?

Primula ya mwituni, Primula vulgaris, ni mmea mfupi wa misitu ya Ulaya. Maua yake ya njano hafifu huchanua baridi inapokaribia kwisha, miti ikiwa bado mitupu. Hapo hujipatia mwanga wa kutosha. Miti ikishavaa majani, primula hubaki na ubaridi na unyevu inaoupenda. Ndiyo maana hustawi chini ya mti unaopukutisha majani, kwenye udongo wenye mboji usiokauka. Chini ya msonobari itateseka tu.

Sasa chungulia ndani ya ua. Katika mimea mingine utaona kidude cha kijani mdomoni, kama kichwa cha pini: ni stigma, inayopokea chavua, na stameni zenye chavua zimejificha chini yake. Katika mingine mambo ni kinyume: stameni ziko juu, stigma iko chini. Mdudu akinyonya nekta, chavua humganda pale pale patakapogusa stigma ya ua la sura ya pili. Charles Darwin aliwaeleza wanasayansi wenzake jambo hili London mwaka 1861, na uzeeni aliandika kwamba hakuna ugunduzi wake mdogo uliomfurahisha kuliko huo. Alichavusha maua kwa mkono: sura kwa sura ile ile, mbegu chache; sura mbili tofauti, mbegu tele.

Tatizo la bustani linaanzia hapo. Wengi huzidisha primula kwa kuchimbua kichaka baada ya maua na kukigawa. Njia ni nzuri, lakini kila kipande ni mama yule yule, sura ile ile. Ukitaka mbegu, chungulia kwanza kabla ya kununua, uchukue sura zote mbili. Kusambaza ni kazi ya sisimizi: mbegu ina kinyama chenye mafuta, nao huibeba, wakala kile kinono na kuitupa mbegu yenyewe.

Usiing'oe primula porini, hata ukiiona imetapakaa. Uingereza, sheria ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wowote wa mwituni bila ruhusa ya mwenye ardhi, na miche ya kununua haina bei kubwa.