Kelele za ndani ya gari: namna ya kuzitafuta na kuzinyamazisha

Gari ya mafunzo ambayo timu yetu inatumia katika bonde la Ruzizi ni Hiace iliyotolewa viti vya nyuma. Mahali pa viti tuliweka rafu za mbegu, kabati ya vyombo vya kupima udongo, meza ndogo, reshoo ya gazi na kitanda cha mbao, juu siku zingine tunalala njiani. Koperative zingine nazo zimeanza kupanga gari namna hiyo, kwa kupeleka mbegu na vifaa ao kuleta tomate na mayai ku soko. Na wote tunakutana na shida moja: kutoka Uvira kupitia Sange mpaka Luvungi, ndani ya gari ni ngoma tupu.

Wengi wanasema kelele haiue mtu. Sisi tunaona tofauti. Kitu kinacholia ni kitu kinachotembea, na kitu kinachotembea kinachakaa: visi inapanua tundu lake, mbao inapasuka, karton ya mayai inasagika. Lakini hasara kubwa ni hii: kelele ndogo za ndani zinafunika kelele kubwa za chini. Shofere anayesikia kabati, sahani na kriki siku nzima hawezi kusikia gurudumu linaloregea. Kunyamazisha kabati ni kumurudishia shofere masikio yake.

Kelele zinatoka wapi?

Barabara ya udongo yenye mikunjo sawa manjanja inatikisa gari mara nyingi sana kwa kila dakika. Kila mutikisiko unajaribu kufungua ekru, na ile isiyokazwa vizuri inazunguka kidogo kidogo mpaka inatoka. Jua nalo linasaidia. Wakati wa kiangazi, mbao zinakauka na kupungua. Kabati iliyotengenezwa wakati wa mvua ikiwa imekaza, mwezi wa saba inaanza kucheza ku viungo.

Kugonga na kulia havifanane

Kabla ya kushika kele, sikiliza ni aina gani.

Kugonga (ko-ko-ko, kra-kra-kra) ni vitu viwili vyenye nafasi katikati. Dawa yake ni kukaza, ao kujaza ile nafasi.

Kulia (kwii-kwii) ni vitu viwili vinavyogusana na kukwaruzana. Hapa kukaza peke yake mara nyingi hakusaidie. Dawa ni kuvitenganisha, kuvisafisha, ao kuweka kitu cha kuteleza katikati.

Mutu anayechanganya hizi mbili anapoteza siku: anamwanga mafuta ku kitu ambacho kiliomba ekru tu.

Namna ya kutafuta

1. Toa vitu vyote visivyofungwa: sahani, bido, vifaa, kriki, hata vyupa ndani ya mifuko ya milango. Endesha tena. Mara nyingi nusu ya kelele imeisha hapo. Kisha rudisha vitu kimoja kimoja.

2. Fanyeni kazi wawili. Shofere anaangalia barabara tu. Mwenzake anakaa nyuma na kusikiliza. Chagueni kipande cha barabara mbaya pasipo watu wengi, na mutembee polepole, kilometa 15 ao 20 kwa saa.

3. Anayesikiliza aweke mukono ku kitu anachokishuku na akikamate kwa nguvu. Kelele ikikatika, umeshika mwizi. Isipokatika, enda ku kingine. Usiamini sikio peke yake: sauti inapita ndani ya chuma, na kitu cha kushoto kinaweza kusikika kuume.

4. Gari ikiwa imesimama na motere imezimwa, piga kuta, rafu na plafo kwa ngumi, polepole, kila upana wa mukono. Mwenzako aweke ncha moja ya kipande cha mupira wa maji, kama mita moja, ku sikio. Ncha ingine aitembeze karibu na pale unapopiga. Kitu kilichoregea kinajitangaza.

5. Tia alama ya shoki kila pahali ulipokuta kelele. Tengeneza moja, jaribu, kisha enda ku ya pili. Ukitengeneza tano pamoja, hautajua ni ipi ilisaidia.

Namna ya kunyamazisha

Vitu vya kununua ni vichache. Mupira wa ndani wa gurudumu uliotoboka unakatwa vipande: weka kimoja chini ya mguu wa kitanda, kingine pahali mulango wa kabati unapogusa fremu, na mukanda murefu wa kufunga bido. Blanketi nzee inatenganisha sufuria na sahani.

Ekru zinazofunguka kila safari ziwekewe rondela ya resori, ao ekru ya pili juu ya ya kwanza. Visi ya mbao iliyopanua tundu isikazwe tena bure. Jaza tundu kwa kijiti na kole ya mbao, acha ikauke, kisha rudisha visi.

Mbao inayolia juu ya mbao, ipake nta ya buji. Bawaba za chuma zitiwe tone moja ao mbili za mafuta, kisha upanguse yanayobaki. Mafuta mengi yanakamata vumbi, na vumbi pamoja na mafuta vinakula chuma. Mipira ya kuzunguka milango isipakwe mafuta ya motere hata kidogo, juu yanaivimbisha na kuiharibu. Ioshe na maji ya sabuni, ikauke, kisha uipake glisirine kidogo.

Kwa chupa ya gazi, fungia mukanda chini na juu, ikae wima, na ufunge kilemba chake kila mara gari inatembea. Angalia kama mupira wake haukwaruzwe na chuma. Paka povu la sabuni ku viungo: povu likivimba, gazi inatoka. Hiyo haingoje kesho.

Kelele zisizofunikwa na kitambaa

Tulipomaliza kabati na kitanda, ku safari iliyofuata shofere wetu alisikia ko moja nzito, nyuma, kila gurudumu la kuume lilipoingia mu shimo. Alisimamisha gari na kuingia chini. Moja ya bulo kubwa zinazofunga resori ku chuma cha magurudumu ya nyuma ilikuwa imeregea. Bulo hiyo ikiachia, chuma kinaweza kusogea na gari kupoteza njia yake. Tulikuwa bado ku tambarare. Mbele yetu kulikuwa makona ya Ngomo.

Kelele za aina hii zipelekwe kwa fundi, zisifunikwe:

– Gari imesimama, na kelele inabadilika na mwendo wa motere: angalia bomba la moshi na mikono ya motere.

– Kelele inazidi kadiri magurudumu yanavyokimbia: angalia ekru za magurudumu na rulema.

– Kelele inakuja ukikanyaga freni ao ukikata kona: simamisha safari mpaka ijulikane.

Kila mara gurudumu linapotolewa, kaza ekru zake kwa kuvuka, moja ya huku na moja ya ngambo. Kisha zikazwe tena kisha kilometa 50 ao 100.

Muzigo nao ukae kimya

Sehemu iliyo nyuma ya magurudumu ya nyuma njo inayoruka sana. Weka mayai na tomate katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na majembe ao bido nyuma. Ndani ya kase, tomate za juu ndizo zinazotikiswa zaidi, basi zisikose nafasi wala zisizidi mudomo wa kase. Kase zenyewe zifungwe pamoja kwa mukanda. Kase inayogonga mwenzake inapiga tomate kila mugongano, na munuzi ataona alama ku soko, hata kama haukuona kitu njiani.

Kazi ya komite

Tunaomba kila koperative yenye gari ichague mutu mumoja wa kusikiliza, asiwe shofere. Mara moja kwa wiki, mbele ya mavuno hata mara mbili, afanye robo saa: kukamata kila rafu, kukaza ekru, kuangalia mikanda na kuingia chini ya gari pamoja na shofere. Aandike ndani ya daftari ya gari tarehe, kelele iliyosikika, na kile kilichofanywa. Kelele ikiandikwa mara tatu pahali pamoja, komite itoe makuta ya fundi mbele ya safari ya ine.