Mgongo Unakuuma Juu ya Nduthi? Jaribu Mbinu ya Watu wa Farasi

Ukishinda kwa nduthi toka alfajiri, unabeba wanafunzi wa Bukura Agricultural College, unapeleka magunia na kuku town Kakamega, unajua vile kiuno hukusalimia jioni ukishuka. Mabeste watakuambia ni uzee. Uzee gani na uko na miaka 23? Shida ni vile unakaa.

Walioisoma hii kitu vizuri ni wapanda farasi. Farasi utawaona Ngong Racecourse kule Nairobi, huku kwetu ni nduthi, lakini hesabu ni ile ile: umekalia kitu inaruka ruka, na ukikaa vibaya mgongo ndio unalipa.

Kuna mathe wa Marekani, Sally Swift, alizaliwa 1913 na uti wa mgongo wake ulikuwa umepinda toka utotoni. Kitabu chake, Centered Riding, kilitoka 1985. Hakuwa anapigia wanafunzi kelele "nyooka!" Ukiambiwa nyooka unakaza mabega, dakika mbili umechoka, umejikunja tena. Yeye alikuwa anakupea picha ya kuwaza. Mfano, wewe ni mti: kuanzia kiunoni kushuka, mizizi inaingia chini; kuanzia kiunoni kupanda, shina linakua juu. Weka mukumu hapo kama unataka ya nyumbani. Jaribu sasa hivi ukisoma. Umeona kichwa kimejipandisha chenyewe?

Na si uchawi. Mwaka wa 1992 Yue na Cole walitoa utafiti wa kidole kidogo cha mkono. Baada ya wiki nne, waliofanya mazoezi kweli walipata nguvu asilimia 30 zaidi. Waliowaza tu kukaza kidole, asilimia 22. Watu walikuwa wachache, sawa, lakini inaonyesha ubongo huanza kazi kabla msuli haujaguswa.

Sasa kwa stage, ukingoja customer, kaa juu ya nduthi ikiwa imezimwa na stendi iko chini. Shika handle kama kawaida. Waza kiuno, mbavu, mabega na kichwa ni matofali, moja juu ya lingine. Pumua mpaka chini ya kitovu. Halafu endesha route yako kwa akili, na ile speed yako ya kawaida: bump inakuja, tumbo linaipokea, viwiko vimelegea, shingo haijaruka. Dakika tatu zinatosha. Ukiwa barabarani achana na hizi ndoto, angalia barabara.

Macho nayo Swift aliyataka yawe laini. Ukikodolea shimo, mikono itakupeleka kwa shimo, kila rider anajua. Tazama pale unataka kupita, na ukingo wa jicho uone ng'ombe na watoto wa shule.

Lakini tuambiane ukweli. Ukibeba watu wawili wamekusukuma mpaka kwa tangi, hakuna mti utakuokoa, na sheria inasema abiria ni mmoja. Shock zikikufa, tengeneza. Na kama maumivu yanashuka mguuni ama mguu unakufa ganzi, hiyo si mambo ya kuwaza, enda hosi uangaliwe.