Maji inashuka upande gani? Tusome karte vizuri mbele ya kuchimba

Ndugu wakulima, msimu uliopita tulikosea. Kwenye karte ya kilima kimoja huko Walungu tuliona mistari ya kimo imepinda kama V, tukazania ni bonde. Kumbe ni mgongo wa kilima. Mtaro wa kutoa maji ukaishia juu ya muhogo wa mama mmoja, na mvua kubwa ikabeba udongo wake.

Tangu siku ile, mbele ya kuchimba tunafanya hivi:

1. Tunatafuta namba za kimo kwenye mistari. Maji inatoka kwenye namba kubwa kwenda kwenye ndogo.

2. Tunaangalia ncha ya V. Ikielekea namba kubwa, ni bonde; ikielekea namba ndogo, ni mgongo.

3. Kwa kalamu nyekundu tunachora mishale inayokata mistari wima, kuelekea chini. Hata asiyejua kusoma ataona mtelemko.

Kisha tunapanda shambani kuhakikisha. Yule mama alikuwa ametuonyesha kwa mkono kule maji inapitaka, hatukumsikiliza. Sasa tunauliza mwenye shamba kwanza, halafu tunafungua karte.