Hujui kuchora? Chukua kiazi

Ushawahi kuambiwa hujui kuchora? Mimi niliambiwa nikiwa darasa la nne, nikaamini. Kwa hivyo rafiki yangu mwalimu aliponiomba nimsaidie kipindi cha sanaa huku Langas, nilitafuta kisingizio. Akasema: leo hatuchori, tunachapa.

Usisumbuke kutafuta lino na rola mjini kisha ulie bei. Kata kiazi katikati, kipanguse hadi kikauke (maji yake huharibu rangi), chonga pembeni umbo libaki limeinuka. Watoto wadogo wape kijiko, si kisu. Paka rangi kwa kipande cha sponji ya godoro, kidogo tu. Ukichovya kiazi kwenye rangi utapata doa, si chapa. Patipati kuukuu nazo ni dhahabu: kandamiza soli kwa biro, na ule mstari uliozama utabaki mweupe kwenye karatasi.

Msichana mmoja alichonga J ya jina lake. Ikatoka imegeuka, darasa likaangua kicheko. Ndiyo somo lenyewe hilo! Herufi huchongwa kinyume. Iandike kwanza kwa karatasi nyepesi, uigeuze dirishani, kisha ufuate mistari hiyo.

Lakini aliyenimaliza ni kijana wa dawati la nyuma. "Mimi sijui kuchora," akasema kabla hata hatujamuuliza. Akachonga pembetatu moja tu, tena imepinda. Akaichapa, akaizungusha kidogo, akaichapa tena, hadi karatasi ikawa na pindo kama la leso. Wenzake wakapanga foleni kukopa kiazi chake.

Hapa hapa Eldoret tuna Rivatex, kiwanda cha nguo kilichochukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Vitambaa vya maua vya viwandani huchapwa rangi moja baada ya nyingine, na zisipopatana, ua linahama shina lake. Yule kijana aligundua hivyo mwenyewe alipojaribu rangi ya pili bila kungoja ya kwanza ikauke.

Kesho yake mwalimu akanitumia picha. Kiazi kilikuwa kimenyauka, ila fulana ya kakake ilikuwa na pembetatu kifua kizima. Mama amewaka, lakini atulie: ile ni rangi ya maji, itatoka akifua. Ya kitambaa huuzwa kivyake, na nyingi hutaka kupigwa pasi zikikauka. Kijana ameshauliza bei.