Karte ya koperative iwe na jina la mama



Katika koperative nyingi za kahawa huku kwetu, mama ndiye anayelima, anayevuna na anayebeba mzigo hadi kwenye mizani. Lakini siku ya mkutano mkuu jina linaloitwa ni la baba, kwa sababu karte ni yake. Mwenye karte ndiye anayepiga kura, na ndiye anayepokea feza.

Sheria haituzuii. Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inafuatwa Kongo tangu Septemba 2012. Inasema: mwanachama mmoja, kura moja, hata kama mwenzako ana hisa kumi na wewe una moja. Kila mwaka mkutano mkuu unaitishwa, na viongozi wanatoa hesabu.

Wengine watasema mke aliyeolewa lazima apewe kwanza ruhusa na bwana yake. Hiyo ilikuwa zamani. Tarehe 15 Julai 2016 Kodi ya Familia ilibadilishwa: sasa mume na mke wanatakiwa kusikilizana, kila mmoja na mwenzake.

Basi tuongee nyumbani, kisha tununue hisa kwa jina letu, hata moja tu. Tuombe kusomewa statuti kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa peke yake. Na siku ya mkutano tukae mbele, tuulize bila matusi: feza ngapi iliingia, ngapi ilitoka, na nani alitia sahihi?

Asiye na karte atasaidia kuvuna, lakini hatachagua.