Mtukutu Darasani: Kabla ya Fimbo, Tumpime Kwanza



Mara nyingi tunaletewa hospitalini mtoto ambaye mama yake amechoka kuitwa shuleni. Malalamiko ni yale yale: mtoto hatulii, anaongea mwalimu akifundisha, anachokoza wenzake, haandiki, akiulizwa hili anajibu lile. Nyumbani ameshapigwa, shuleni ameshapigwa, wala hakuna kilichobadilika. Sisi wauguzi hatusemi kwamba watoto wakorofi hawapo. Tunasema kwamba mara nyingine ukorofi ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Mwenye homa hatumchapi ili ipoe. Tunatafuta chanzo chake. Basi tuangalie vyanzo ambavyo familia yoyote inaweza kuvichunguza.

Masikio na macho

Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Ameagizwa afungue daftari, hakusikia. Anamgeukia jirani kumwuliza, naye mwalimu anamwona mpiga kelele. Mpime nyumbani hivi: simama nyuma yake hatua mbili tatu, taja vitu kwa kunong'ona, naye arudie. Akikosa mara nyingi, mlete apimwe.

Sikio linalotoa usaha kwa wiki mbili au zaidi ni ugonjwa unaoweza kupunguza usikivu. Lisafishwe kwa kitambaa safi kikavu cha pamba kilichosokotwa, kikibadilishwa mpaka kitoke kikavu, kisha mtoto aletwe apewe dawa. Tusitie mafuta wala maji ya majani. Na tukumbuke kwamba kofi la sikioni laweza kupasua ngoma ya sikio. Hapo adhabu yenyewe huzaa kiziwi, na kiziwi huyo kesho atapigwa tena kwa kutosikia.

Macho nayo ni hivyo hivyo. Asiyeona ubao huchungulia daftari la mwenzake, huinuka kitini, au hukata tamaa akaanza kucheza. Mzibe jicho moja, mwambie asome kitu kilicho mbali. Kisha zibe la pili. Mara nyingi miwani humaliza tatizo.

Tumbo na usingizi

Mtoto aliyetembea mwendo mrefu alfajiri bila kula hawezi kutulia hadi mchana. Kikombe cha uji kabla ya kutoka, au uji shuleni pale wazazi walipokubaliana kuchangia, ni dawa isiyouzwa dukani.

Minyoo ya safura hunyonya damu, na mwenye upungufu wa damu huchoka, huwa na hasira za haraka, wala hashiki masomo. Apimwe damu. Ale maharage, mboga za majani, dagaa na nyama inapopatikana. Chai asinywe pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia mwili kupata madini ya chuma. Dawa za minyoo zinapogawiwa shuleni, tusimfiche mtoto nyumbani.

Wako pia minyoo wadogo weupe kama nyuzi, wanaowasha sehemu ya haja kubwa usiku. Mtoto hujikuna, halali, na kesho yake anajinyonganyonga kitini. Hapo familia nzima hutibiwa pamoja, na kucha hukatwa.

Mwanafunzi wa shule ya msingi anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Anayekoroma kila usiku na kupumua kwa mdomo huenda ana mafindofindo makubwa au nyama za puani. Huyu halali vizuri hata akiwa kitandani usiku kucha, na mchana badala ya kusinzia anaweza kuwa mtundu kupita kiasi.

Kifafa kisichoangusha

Si kila kifafa huangusha mtu. Kipo kinachomfanya mtoto akodoe macho kwa sekunde chache, asijibu, kisha aendelee kama hakuna kilichotokea. Kinaweza kumpata mara nyingi kwa siku moja. Mwalimu humwona anaota mchana. Ukiona hivyo, usimpige. Andika ni mara ngapi, umlete.

Vilevile, malaria iliyopanda kichwani huweza kuwaachia baadhi ya watoto kifafa, ugumu wa kujifunza au tabia iliyobadilika. Tuambieni historia hiyo. Na kama mtoto anatumia fenobabitali akawa hatulii, yawezekana ni dawa hiyo. Msiiache ghafla, maana kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu, rudini kliniki.

Asiyetulia tangu utotoni

Wapo watoto ambao ubongo wao umekua kwa namna inayowafanya washindwe kutulia na kuzingatia jambo. Dalili huonekana kabla ya miaka 12, nyumbani na shuleni pia, nazo hudumu miezi 6 au zaidi. Si mapepo, si kurogwa, wala si mama aliyeshindwa kulea. Fimbo haiponyi hali hiyo. Kinachosaidia ni kuketi mbele karibu na mwalimu, kupewa agizo moja moja kwa maneno machache, kazi kugawanywa vipande vifupi, na kusifiwa mara tu anapofanya vizuri. Atumwe kufuta ubao au kugawa madaftari, ili miguu ipate kazi halali. Wengine huhitaji dawa, lakini hiyo huamuliwa na daktari.

Aliyebadilika ghafla

Mtoto aliyekuwa mtulivu, kisha ghafla akawa mgomvi, ana jambo. Pengine amefiwa, wazazi wamegombana, au kuna mtu anayemwumiza au kumchezea mwili. Mwulize mkiwa wawili tu, kwa upole, na umwamini. Akisema ametendewa ubaya, msimalize mambo kifamilia. Mpelekeni hospitali mapema, ndani ya siku 3, maana kuna dawa za kumkinga na Ukimwi ambazo baada ya hapo hazisaidii. Siku hizo zikiwa zimepita, bado mleteni atibiwe. Toeni pia taarifa polisi, penye dawati la jinsia na watoto.

Tufanye nini?

Mwalimu akikuita, nenda ukamsikilize bila ugomvi. Mwulize: ni saa ngapi mtoto husumbua? Ni kila somo au moja tu? Ameketi wapi? Yaandike majibu, uje nayo hospitalini. Majibu hayo hutusaidia sana kujua pa kuanzia.

Tukishapima na kukuta mtoto ni mzima, nidhamu inabaki palepale: sheria chache, zile zile kila siku, nyumbani na shuleni. Lakini tumpime kwanza. Mtoto asipigwe kwa kosa ambalo ni ugonjwa.