Pweza mdogo: umchukue au umwache?

Tuseme ni bamvua, maji yamekupwa, nawe umemwona pweza mdogo pangoni mwake. Hafiki hata kilo moja. Utamchukua?

Kibiolojia, mwache. Pweza huyu wa miambani, ambaye wanasayansi humwita Octopus cyanea, huishi mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo, kwa hiyo hukua haraka mno. Jike hutaga mara moja tu maishani, hulinda mayai yake bila kula, kisha hufa. Ukimchukua kabla hajataga, umechukua na kizazi chake.

Shida ni kwamba ukimwacha leo, jirani yako atamchukua kesho. Wewe umekosa kitoweo, na pweza hakukua. Ndiyo maana kumhubiria mvuvi mmoja mmoja kuhusu uhifadhi hakusaidii sana: anayesubiri peke yake ndiye anayekula hasara.

Sasa tazama walichofanya watu wa Andavadoaka, kijiji cha kusini-magharibi mwa Madagaska. Mwaka 2004 walikubaliana kutovua pweza katika sehemu moja ya mwamba kwa miezi kama saba. Kwingine waliendelea kuvua. Walipoifungua, walikuta pweza wakubwa zaidi. Vijiji jirani vikaiga, na baadaye zaidi ya vijiji 20 vikaungana kusimamia eneo la Velondriake. Utaratibu huu umefika hadi Kisiwa Panza, kule Pemba.

Kwa nini watu hukubali kusubiri? Kwanza, sehemu inayofungwa ni ndogo, basi chungu hakikosi kitu jikoni. Pili, marufuku ina mwisho unaojulikana. Tatu, waliotunga sheria ndio haohao wanaovua na kulindana. Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba sheria za namna hii zinaweza kudumu.

Ila usidhani dawa hii inatibu kila kitu. Chewa, kwa mfano, huchukua miaka kukomaa. Miezi michache haimtoshi. Na hata kwa pweza, siku ya kufungua isipopangwa, watu watamiminika kutoka kila upande na faida ya miezi itaisha kwa siku chache.

Kwa hiyo kijiji chenu kikiitisha mkutano wa kufunga mwamba, usiulize tu utafungwa lini. Uliza pia: nani atalinda usiku, na siku ya kufungua nani ataingia?